Aliyemwosha Maiti wa Garsen

SEHEMU YA TISA

Pazia likafunguliwa.

Naam, najua mmeniapiza juma zima kwa kuwaacha pale dukani kwa Mzee Fumo, Bwana DC mkono wake uko kwenye pazia la chumba cha nyuma, na nyuma ya pazia Bi Mwanatumu ameishika ile kamba. Basi nisameheni. Pazia likafunguliwa, na Bwana DC akaiona kamba.

Ilikuwa shingoni mwa mbuzi.

"Karibu, Bwana DC," akasema Mwanatumu, akilikaza fundo bila hata kuvitazama vidole vyake. "Ndiyo kwanza nataka kumpeleka malishoni. Usimwogope, hana pembe."

Bwana DC akacheka. Nyuma yake alisimama mzungu mwingine, afisa wa kambi, kijana mwenye nywele nyekundu, ambaye tangu aingie dukani hakuwa ametoa neno. Yeye hakucheka. Aliinama akampapasa mbuzi shingoni, akaigusa kamba, akanyanyuka polepole.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa kufungiwa samaki, jua kwamba kamba ile haikuwa ya mbuzi. Ilitoka mikononi mwa mtu aliyekufa.

Mtu huyo alinasa kwenye kamba ya kivuko cha Garsen wakati wa mafuriko, uchi, uso wake umeliwa na maji hata si uso tena. Hakuna aliyemjua. Watu wa soko la ng'ombe wakaona ametahiriwa, wakasema huyu ni Muislamu, labda mchuuzi wa mifugo kutoka juu ya mto, na Muislamu hatupwi akaliwa na mamba. Aliyejua kuosha maiti hapo Garsen alikuwa mmoja, Mzee Fumo, Mswahili wa Kipini mwenye duka. Akamwosha, rafiki yake Bule akimmiminia maji. Wakamvika sanda, wakamswalia, wakamzika. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba Wakikuyu nao hutahiri, na kwamba kule juu ya mto kuna kambi ya serikali iliyojaa Wakikuyu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau.

Sasa kambi imepungukiwa na mtu. Serikali inasema alitoroka, akajitupa mtoni, akazama. Huko Uingereza kuna mjumbe wa Bunge, wa chama cha upinzani, ambaye haamini. Amepanda ndege akaja mwenyewe, na siku hii tunayoisimulia yuko njiani kuja Garsen.

"Koplo Fumo," akasema Bwana DC, akikaa juu ya gunia la mchele. Alipenda kumwita hivyo, kwa cheo alichokipata vitani Burma. "Mjumbe atakuuliza maiti alikuwaje. Wewe utajibu kwamba alikuwa mtu aliyezama. Basi. Na utavaa medali zako."

"Na akiniuliza zaidi?"

"Hatakuuliza. Mimi nitakuwapo."

Mzee Fumo alikuwa mtu wa adabu. Alisimama wima ndipo akasema, "Bwana DC, kule Burma maafisa wetu walitwambia tunapigania utawala ambao mtu yeyote anaweza kusimama barabarani akaisema serikali yake, na polisi wakampisha apite. Tuliwaamini. Mimi nawaamini mpaka leo."

"Na ni kweli. Lakini hii ni vita, Koplo. Wakati wa vita, anayeisema serikali yake anampa adui risasi. Huyo mjumbe analala salama London, kisha anawatukana askari wanaomlinda. Wewe ni askari. Nani alikutoa Burma ukiwa hai? Si serikali yako?"

"Ni Sajini Jairus," akasema Fumo. "Mkikuyu. Alinivuta kutoka Mto Chindwin kwa ukosi wa shati, risasi zikitupita juu ya vichwa."

Bwana DC akaitazama saa yake. Akasimama, akavaa kofia. "Saa tisa, kwenye banda la mnada wa ng'ombe. Usichelewe."

Mlangoni yule afisa mwekundu aligeuka akamtazama mbuzi tena. Kisha gari likaondoka, na vumbi likaingia mpaka kwenye sukari.

* * *

Mwanatumu akalirudisha pazia. Akakaa chini pale pale, mbuzi kamshika sikio.

"Baba Sharif, sema vile atakavyo."

"Nidanganye?"

"Usidanganye. Nyamaa. Kwani wewe si mwosha? Akionacho mwosha chini ya kitambaa hukizika pamoja na maiti. Si ndiyo ada yenu? Hakuna mtu Kipini nzima atakayekulaumu kwa kushika ada."

"Ada naiyua, Mwanatumu."

"Basi ishike. Mwanangu ni moya tu."

Hapo ndipo penye moto, wasomaji. Siku ile ya kuosha, chini ya tope na magugu ya mto Mzee Fumo aliikuta mikono ya maiti imefungwa kwa kamba iliyovimba maji, na kabla hajalitazama fundo, vidole vyake vilikuwa vimekwisha kulifungua. Vililijua. Lilikuwa fundo la kwao, la kufungia mtumbwi kule Kipini, mahali mto unapovuta huku na bahari inavuta kule. Mtumbwi ukivutwa fundo hukaza, lakini anayelijua huvuta mkia mmoja tu likafunguka. Fumo alifundishwa na baba yake. Naye alimfundisha mwanawe Sharif.

Na Sharif ni askari wa kambi ile.

Kwa hiyo mzee akaificha kamba chini ya kanzu yake, wala Bule aliyekuwa akimimina maji hakuuliza. Tangu siku ile maiti humjia. Haji usiku kama mizimu ya watu wengine. Huja adhuhuri, duka likiwa halina mteja na jua limesimama juu ya mabati. Hukaa kwenye benchi la wateja, maji yakimchuruzika, akamnyooshea Fumo mikono miwili iliyofungwa. Hasemi, hana uso wa kusemea. Fumo humfungua, na kesho yake huja amefungwa tena. Duka zima hunuka kafuri. Mzee huyu aliyekabiliana na Wajapani alikuwa anaogopa, wala sitamfichia, alikuwa anaogopa hata kunawa uso.

"Yana alikuya tena," akamwambia mkewe. "Wewe ulikuwa kisimani."

"Hutaka nini?"

"Nimfungue."

"Si ulimfungua?"

"Vidole vilimfungua. Mimi bado."

Mwanatumu akataka kujibu, lakini mlango ulitiwa giza na mtu mrefu mwenye fimbo. Alikuwa Bule, Mworma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache.

"Fumo," akasema, hata salamu hakutoa. "Mtoto yako iko makaburini. Mimi naona yeye na macho yangu. Anamwaga maji juu ya ile kaburi, anaenda mtoni, anarudi, anamwaga tena. Bunduki hana. Mshipi hana. Kwenda haraka, kabla askari hawajaona yeye."

* * *

Sharif alikuwa amepiga magoti, debe tupu ubavuni, shati la serikali limelowa jasho. Kaburi lilikuwa tope. Jua lilikuwa la utosi na hapakuwa na kivuli hata cha kufichia mkono.

"Baba, usinikaribie."

"Umetoroka kambini?"

"Nimetoroka. Huniyia, baba. Kila adhuhuri hukaa kitandani kwangu akanionesha mikono."

 Mzee Fumo alikuwa akidhani mgeni yule ni wake peke yake.

"Ulimuua?"

"Nilimfunga. Alikataa kuchimba mfereji. Alisema yeye si mtumwa. Alisema alimpigania Mfalme, na kama ana kosa na apelekwe kortini asomewe mashtaka, akionekana mkosa atachimba mpaka afe. Kila siku neno ni hilo moya. Hakutukana mtu, hakumpiga mtu. Hukataa tu, tena kwa adabu, na wenzake wakaanza kukataa kama yeye. Basi yule afisa mwekundu akamtoa, akampeleka ukingoni mwa mto, akaniamuru nimfunge. Nikamfunga kwa fundo letu, silijui jingine. Akalitazama, baba. Akacheka."

"Alicheka nini?"

"Alisema, fundo hili nalijua. Tulifungia mizigo ya nyumbu kule Burma. Akaniuliza, wewe ni mtoto wa Koplo Fumo wa Kipini?"

Mzee Fumo akaziba masikio kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa.

"Akasema, msalimie baba yako. Mwambie Jairus bado anaulizia blanketi lake alilomwazima kule Burma."

Bule, ambaye hakuwahi kufika Burma wala hakujua habari za blanketi, aliona rafiki yake anakaa chini kwenye tope kama mtoto, akageuza uso kando asimwone.

Nilimwosha nisimjue, ndivyo mzee alivyokuwa akijiambia baadaye kila alipoikumbuka saa ile: nilimwosha nisimjue. Alimwosha kwa maji ya mkunazi na maji ya kafuri. Alimlaza upande wa kulia, akamsomea Yasini, mtu aliyekuwa akiimba nyimbo za misheni handakini mpaka Wajapani wakapiga kelele anyamaze. Mkono ule uliomshika ukosi mtoni Chindwin usimwachie ndio aliousugua kwa kitambaa, macho ameyainamisha kama ada itakavyo, na hakuujua.

"Endelea," akasema.

"Afisa akadhani tunamcheka yeye. Akampiga teke la kifua. Mto ulikuwa umefura." Sharif akaipiga ardhi kwa kiganja. "Mikono yangu haikufungwa, baba! Miguu ninayo, nimezaliwa majini, nami nikasimama. Nilikuwa namwogopa mtu mweupe mwenye fimbo. Nikasimama nikamtizama mpaka akapotea."

 Ng'ombe walikuwa wanalia huko kwenye mnada.

"Leo utaulizwa," akasema Sharif. "Ukiitaja kamba, afisa atakana kwamba aliniamuru. Nitanyongwa mimi. Sikwambii unyamae. Nakwambia uyue."

"Mtoto hii apite kwa ng'ombe yangu," akasema Bule ghafla. "Leo tunavuka kwenda ng'ambo. Shuka ninayo, avae. Nani atajua?"

Fumo akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Wasomaji mlio na watoto mnajua alikuwa anatazama nini.

"Mpe shuka," akasema, akajiinua, akaenda nyumbani kuvaa medali.

* * *

Mjumbe wa Bunge alikuwa mtu mwembamba, pua imebambuka kwa jua, shati limemgandia mgongoni. Wamemkalisha kwenye meza ya dalali wa ng'ombe. Karani Jilo, kijana wa Kipokomo kutoka Ngao, alikuwa anatafsiri. Kulia kwa mjumbe yupo yule afisa mwekundu, kofia yake pana ameiweka mezani. Bwana DC, kwa joto, alikuwa amevua mshipi wake wenye bastola, akauweka kando ya ile kofia. Watu wamejaa mpaka kwenye mazizi.

"Wewe ndiye uliyemwosha marehemu?" mjumbe akauliza.

"Ndimi."

"Ulimwonaje?"

Bwana DC akakohoa. "Bwana mjumbe, kabla hajajibu. Kwa ada yao mwosha maiti hasemi alichokiona. Ni jambo la heshima, na serikali yetu huheshimu dini za watu. Mzee atakwambia tu kwamba mtu alizama, na hapo tumwache."

Jilo alipotafsiri, watu wakaguna. Hata waliomchukia Bwana DC waliona kasema kweli. Mwanatumu, amesimama na mbuzi wake nyuma ya kundi la wanawake, akafumba macho akashukuru Mungu. Mumewe amepewa mlango, apite tu.

"Ni kweli," akasema Mzee Fumo. "Mwosha hasemi. Amri ile iko ili maiti asiaibike. Akiwa na kilema, akiwa na donda, akiwa na kitu ambacho uhai wake alikificha, nami nikakiona, nitakufa nacho. Hayo ya huyu marehemu nimeyazika, hata mke wangu sikumwambia." Akamgeukia mjumbe. "Lakini mikono yake ilikuwa imefungwa kwa kamba. Hiyo si aibu ya maiti, bwana. Hiyo ni aibu yetu sisi tulio hai, na hiyo sikuamriwa kuisitiri."

Jilo alitafsiri. Mjumbe akaiweka kalamu chini.

"Koplo!" Bwana DC alikuwa amesimama. "Unajua unamsaidia nani kwa maneno hayo? Tuko vitani! Vua hizo medali!"

"Sivui, bwana. Nilizipata pamoja naye. Mtu niliyemwosha ni Sajini Jairus, yule niliyekutajia asubuhi, na nchi niliyoipigania nami bado naipenda. Ndiyo maana nasema mbele yako, sisemi vichochoroni. Kama mimi ni adui, basi mlimvisha adui medali kwa mikono yenu."



"Kamba iko wapi?" akauliza mjumbe.

Mzee Fumo akageuka, akamtafuta mkewe kwa macho. Nani atanisadiki nikisema sauti yake ilikuwa ya upole kama anaagiza chai?

"Mama Sharif. Mlete mbuzi."

Watu wakacheka, kisha wakaona uso wa Mwanatumu, wakaacha. Alikuja analia, anamvuta mbuzi, na mbuzi naye, mjinga wa watu, anatafuna ncha ya kamba. Watu wakampisha. Alipofika mezani hakumtazama mumewe.

"Haya," akasema. "Mpe. Mpe na roho yangu."

Bwana DC alimtangulia mjumbe. Aliinama akalichunguza fundo lililokuwa shingoni mwa mbuzi, akamtazama Mwanatumu, akakumbuka asubuhi, vidole vikifunga bila kutazamwa. Halikuwa kosa la kusudi. Mwanamke wa Kipini akiwa na haraka hana fundo jingine.

"Sajini wa kambi aliniambia habari ya fundo kama hili," akasema taratibu. "Yupo askari mmoja hulifunga, wenzake hawawezi kulifungua. Koplo Fumo, hili ni fundo la nyumba yako. Mwanao Sharif amekosekana kambini tangu yana... tangu jana. Yuko wapi?"

Hata Bwana DC ulimi ulikuwa umemteleza, akasema kama mtu wa Kipini. Lakini hakuna aliyeona la kucheka. Mzee Fumo akatazama upande wa kivuko. Maiti kafunguliwa, na sasa mwanawe ndiye anayefungwa. Alitamani Bule awe amekwisha kuvuka mto, alitamani hivyo kwa moyo wake wote, medali zikiwa kifuani.

Kwenye mazizi ng'ombe wakasukumana. Mtu mwenye shuka ya Kiorma akaruka boriti, akaiangusha ile shuka mavumbini, akaja mbele na shati la serikali limejaa tope. Nyuma yake Bule alikuwa anaita, "Rudi! Wewe mtoto, rudi!"

Sharif akafika mbele ya baba yake. Akanyoosha mikono miwili.

"Nifunge, baba," akasema. "Nifunge wewe, nisifungwe nao. Kisha niulizwe ni nani aliyeniamuru, maana yuko hapa."

Harufu ya kafuri ikajaa banda zima. Mzee Fumo akaichukua kamba shingoni mwa mbuzi. Vidole vile vilivyolifungua fundo bila kutazama, sasa havikujua hata pa kuanzia kulifunga. Akainua macho kwa kukata tamaa, na kule nyuma, kwenye benchi la mashahidi ambalo halikuwa na mtu, akamwona. Amekaa, maji yanamchuruzika, mikono imelala magotini, haina kamba. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, alikuwa na uso, uso wa Jairus, nao haukuwa unamtazama Fumo. Ulikuwa unaitazama meza.

Fumo akageuka kuitazama naye.

Mjumbe alikuwapo, amesimama. Jilo alikuwapo. Kofia pana ya yule afisa mwekundu ilikuwapo mahali pake. Mshipi wa Bwana DC ulikuwapo kando yake.

Kiti cha afisa kilikuwa kitupu, na kwenye mshipi bastola haikuwamo.